Miaka Hamsini na Mitano Isiyo Yangu

Nyanga, Bukoba,
Jumapili, 25 Juni 1961.

Waitu kaka Mujuni,

Salamu zangu zikufikie hapo Muleba ulipo, wewe na shemeji Kokubanza na wajukuu wote wanaowakimbilia miguuni. Natumaini kile kikohozi cha masika kimekuachia, na kwamba mkono ulioteguka ulipoteleza mgombani sasa unashika panga kama zamani. Sisi huku hatujambo. Kokuhirwa ni mzima, ananiamsha kila asubuhi kwa kunikumbusha jambo nililosahau jana. Watoto wameandika, wote salama. Mimi mwenyewe mwili hauna neno, ila nimechoka na watu, kaka. Nimechoka hadi hapa kooni, na kama isingekuwa Jumapili ningetumia maneno mengine.

Mkungu wa ndizi na kikapu cha kahawa ya kutafuna nimevipokea kwa utingo wa basi, na maneno yako pia ameyafikisha yote, tena mbele ya mke wangu, kwa hiyo hata kama ningetaka kuyaficha nisingeweza. Umesikia kwamba ofisi inanistaafisha kwa umri usio wangu. Umesema uko tayari kupanda basi siku yoyote nitakayotaja, uje usimame mbele ya hakimu, uape kwamba mimi ni mdogo wako kwa miaka minne na kwamba kile cheti cha ubatizo ni chako. Kokuhirwa alipiga vigelegele palepale barabarani. Mimi nilimwambia utingo nitajibu kwa barua. Hii ndiyo barua yenyewe, na kama imechelewa siku nne, sababu utaiona humu. Nivumilie tu. Unanijua, mimi nikieleza jambo naanzia kwenye mizizi.

Chanzo ni faili. Tangu tupate madaraka mwezi wa tano, Wazungu pale ofisini wamekuwa kama watu wanaohama nyumba: kila siku wanafungua sanduku na kutazama kilichomo. Siku moja Bwana Mkubwa wetu akafungua faili langu, akasoma: Mujuni, amezaliwa tarehe 14 Juni 1906. Akahesabu, akakuta mwaka huu natimiza hamsini na mitano, nao ndio umri wa kumpa mtu mkono wa kwaheri. Mimi na wewe tunajua kwamba siku hiyo si ya kuzaliwa kwangu wala kwako. Ni siku uliyobatizwa, na Mzungu wa misheni aliyeiandika alikisia mwaka kwa kukutazama meno, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Lakini nilikwenda shule kwa cheti kile, nikaajiriwa kwa cheti kile, na kwa miaka thelathini na mmoja huko ofisini naitwa Mujuni. Buberwa, jina langu la kuzaliwa, ni wa hapa Nyanga tu, na hata hapa vijana wengi hawamjui.

Sasa sikiliza kinachoniudhi. Karani mkuu wetu, yule Mgoa, anarudi kwao mwezi ujao. Meza ya pili ni yangu, na imekuwa yangu tangu kabla ya vita vya Hitla. Kila Mzungu aliyekuja alinikuta hapo, na kila aliyeondoka aliniacha hapo. Nimewafundisha nusu yao kusoma majina ya vijiji vyetu. Leo, mwaka huu huu ambao Mwafrika anaweza kukalia kile kiti, naambiwa niende nikale ndizi zangu! Na kiti anapewa Rugaibula, kijana mwema, simsemi vibaya, lakini alipoingia ofisini alikuwa hajui bahasha inafungwa upande gani. Miaka minne tu, kaka. Ningepewa miaka yangu minne ya haki, ningekaa pale juu, na siku bendera itakapobadilishwa ningekuwa nimevaa tai yangu mlangoni.

Basi wakaamua kunifanyia sikukuu ya kuzaliwa. Jumatano ile, tarehe 14, niliingia ofisini saa moja na nusu kama kawaida yangu, nikakuta meza imefunikwa kitambaa cheupe. Nikadhani kuna aliyefiwa. Kumbe ni keki, ameipika mke wa Bwana Mkubwa. Desturi yao, mtu akitimiza mwaka huchomewa mishumaa juu ya keki kwa hesabu ya miaka yake, na kwa kuwa mishumaa midogo haikupatikana madukani, Rugaibula alinunua mitano ya kawaida, ile tunayowasha nyumbani, akaisimika katikati kama nguzo za kibanda. Nta ikashuka kwenye sukari. Wakaniambia nipulize. Nikapuliza, haikuzimika. Nikapuliza tena, mate yakatangulia pumzi. Wakapiga makofi, na Bwana Mkubwa akatoa hotuba kwa Kiswahili chake cha kupanda ngazi, kwamba mzee Mujuni ametumika sana na pumzi zake tumeziona, sasa apumzike.

Kutimiza miaka! Nani alitutimizia sisi miaka? Mama alikuwa akisema nilizaliwa mwaka wa nyota yenye mkia, na maneno hayo yalitutosha yeye, mimi na kijiji kizima. Baada ya keki nikapewa zawadi. Fimbo ya kutembelea, kaka, ya mti mzuri, na jina limechomwa kwa chuma cha moto kwenye mpini: MUJUNI. Nikaishika, nikasema asante. Keki yenyewe ilikuwa tamu ukiondoa nta, hilo nalikiri, na nilikula vipande vitatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mzee kwa amri ya serikali. Asubuhi nikipanda baiskeli, jirani anatoka mbio kuishika nisije nikaanguka, baiskeli niliyoipanda juzi tu bila msaada wa mtu. Kanisani wamenihamisha benchi, nimewekwa na wazee karibu na kinanda, mahali ambapo mtu hawezi hata kusinzia kidogo wakati wa mahubiri. Watu ambao mwezi uliopita walinisalimu habari za kazi, sasa wananiuliza habari za magoti. Magoti yangu hayana habari yoyote! Muharami, yule rafiki yangu fundi cherehani wa pale sokoni, nilimpelekea kitambaa cha koti, akanishonea kubwa la kuingia watu wawili. Nilipomgombeza akasema Mungu akupe maisha marefu, mzee hushonewa nafasi ya kupumulia. Nimelivaa hivyohivyo, maana nalo lina joto, na kusema kweli asubuhi za Juni nalipenda.

Jioni ile ya keki nilimweleza Kokuhirwa kwamba mambo haya yote ni ya uongo, kwamba umri wangu ni hamsini na mmoja. Nilidhani atanionea huruma. Loo! Alianza kuhesabu kwa vidole. Yeye alizaliwa miaka miwili kabla ya ile nyota. Akahesabu mara ya pili. Kisha akaniuliza kama ninajua kwamba kwa miaka ishirini na sita amekuwa akimpigia magoti mtoto mdogo. Kwa siku tatu alinitengea chakula akiniita mwanangu. Nilipomwambia basi tuahirishe karamu aliyoipanga Jumamosi, akasema ndizi za pombe ya lubisi zimeshafukiwa shimoni kuiva, na ndizi iliyoiva hairudi kuwa mbichi kwa sababu mume amepungua miaka. Mbuzi naye alikuwa ameshafungwa nyuma ya nyumba. Karamu ikawa palepale.

Wakaja watu arobaini na zaidi. Wakwe, majirani, wazee wa ukoo, na wengine ambao hadi leo sijajua walikuja na nani. Wakala, wakanywa, wakanipa ushauri. Mmoja akanifundisha jinsi ya kulala kwa ubavu, mwingine akataka nitaje mrithi wangu nikiwa bado na macho ya kumwona. Nilicheka nao, na kusema kweli kuna wakati nilifurahi, watoto walipocheza ngoma na Kokuhirwa akasahau hasira akaingia katikati akacheza kuliko wote. Halafu akasimama mzee Rugambwa wa ukoo wetu, unamkumbuka, yule anayekohoa kabla ya kila neno. Akasema Tata, baba yetu marehemu, alikuwa na jicho. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, akampita mkubwa, akampeleka shule mdogo, na alipokufa akampa huyuhuyu mdogo kibanja cha baba zake, migomba na nyumba, na tazameni leo alivyochagua vema. Watu wakapiga makofi. Kokuhirwa akaniambia baadaye kwamba uso wangu ulikuwa wa majivu. Nilisema nyama ya mbuzi imenikaa vibaya.

Jumatatu nikaenda kwa Bwana Mkubwa kupigania miaka yangu minne. Nilimweleza kwamba faili limekosea. Akaniuliza cheti changu cha kweli kiko wapi. Nikasema kanisa letu la kwanza lilikuwa la nyasi, likaungua pamoja na vitabu vyake, na mchungaji wa sasa hana hata ukurasa. Akauliza nina ushahidi gani basi. Nikamwambia kuhusu nyota yenye mkia. Akasema nyota haiwezi kuwekwa kwenye faili. Lakini si mtu mbaya. Akafikiri, akasema kama kuna ndugu wa damu mkubwa kwangu aliye hai, aje aape mbele ya hakimu, naye atapeleka karatasi hizo Dar es Salaam yeye mwenyewe na kunisemea, na kiti cha karani mkuu kitasubiri. Mwisho ni tarehe 30 Juni.

Nilitoka pale na jibu mkononi, kaka, maana ndugu huyo ninaye. Lakini sikukuandikia. Siku mbili zilipita sijaandika, na hapo ndipo maneno yako yalipofika kwa utingo bila kuombwa. Nani alikupasha habari sijui, hapa kwetu habari hazina haja ya basi. Kokuhirwa akataka nijibu siku ileile. Nikaanza barua ya kwanza, nikaichana. Ya pili nikaifikisha hadi salamu za mwisho, nikaichana nayo. Kokuhirwa akaona vipande jikoni, akanijia juu, akasema nimekuwa nikilia wiki nzima kuhusu miaka minne, sasa ndugu yangu ananiletea miaka hiyo kwa basi na mimi nanuna, mimi ni mtu wa namna gani? Nikamwambia aniache. Nikaenda sokoni kwa Muharami nipate kupumua, naye bila kuinua macho kwenye cherehani akaniambia kwamba mtu anayezama hakatai kamba, na akiikataa, basi ajiulize ni nini anachokiogopa kwa huyo anayeishika. Nilimwambia ashone nguo, asinishone mimi. Akacheka, akasema mficha uchi hazai. Nikaondoka bila kuaga, na leo najuta, nitakwenda kumtaka radhi kesho.

Sasa kaka, keti. Kama umesimama chini ya mgomba na barua hii mkononi, nenda kaketi.

Unakumbuka mwaka ule wa 1923, mwezi wa sita au wa saba, nilipokuja Muleba kwa miguu, nikifuatana na wachukuzi waliokuwa wakirudi upande huo wa Ihangiro. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe kumi na saba. Ulikuwa umetumwa huko kumlimia bibi baada ya yeye kuvunjika nyonga. Uliponiona unakumbuka ulivyopiga kelele. Ulidhani nimekuja kukusalimu tu. Ulinichomea ndizi, ukaniosha miguu iliyokuwa imechubuka, ukanipa mkeka wako ukalala chini. Nilikaa siku mbili. Siku ya kuondoka ulinibeba mgongoni hadi kule mtoni kwa sababu kisigino kilikuwa kimeiva usaha, ukanivusha, ukasimama ng'ambo ukinipungia mkono hadi nikapotea.

Mimi sikuja kukusalimu. Nilitumwa na Tata. Nilikuja nimebeba neno lake kwako, nikalibeba nikarudi nalo.

Siku chache kabla ya hapo, mwalimu wa misheni alikuja nyumbani. Alisema shule ya mjini inapokea vijana, kila familia ya Kikristo nafasi moja, na waliochaguliwa wafike kabla ya mwezi kwisha. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza. Nilisikia Tata akitaja jina bila kufikiri hata kidogo, na jina hilo halikuwa langu. Nilimwona akitoa cheti chako kwenye kile kibuyu alichotunzia vitu vyake, akikipangusa. Kisha akaniita, akanifundisha maneno ya kukuambia, akanifanya niyarudie mara tatu nisije nikayapoteza njiani. Sikuyapoteza. Njia nzima niliyasema moyoni, na kila nilipoyasema nilikuchukia. Leo natamka hivyo, nilikuchukia, wewe uliyekuja kuniosha miguu. Nilitaka shule ile kuliko nilivyotaka kuishi. Nilikuwa nimeshaona wavulana wa misheni wameshika kalamu, na nilijua kwamba nikibaki nitabaki na jembe.

Hata hivyo nilifika kwako nikiwa na nia ya kusema. Siku ya kwanza nilisema nitakuambia tukimaliza kula. Siku ya pili nilisema nitakuambia asubuhi. Pale mtoni nilikuwa mgongoni kwako, mdomo wangu uko karibu na sikio lako, hapakuwa na mtu mwingine, ilibaki kufungua mdomo tu. Sikufungua.

Nyumbani nilimwambia Tata kwamba umekataa. Nilimwambia umesema huwezi kumwacha bibi, na kwamba shule ni ya wavivu. Hilo la wavivu nililitunga mlangoni, kwa sababu niliona hajaniamini. Baada ya hilo aliamini. Hakupiga kelele, unamjua alivyokuwa. Alikaa na cheti chako mkononi hadi jua likazama, kisha akanipa, akasema basi nenda wewe. Wiki ileile nikaenda, na Mzungu wa shule aliponiuliza jina nikasema Mujuni. Nilikuwa mrefu, hakuuliza la pili.

Wewe ulirudi wakati wa senene, ukakuta nimekwenda na cheti chako. Najua ulichofikiri, maana na mimi ningefikiri hivyohivyo. Ulimuuliza Tata, naye kwa kiburi chake akakujibu tu kwamba kila mtu amepata alichokitaka. Yeye alimaanisha wewe umeutaka mgomba wa bibi. Wewe ulisikia kwamba mdogo ametaka, na mdogo amepewa. Ukarudi Muleba, hukula tena nyumbani kwake. Alipokufa ulikuja, ukakaa nje na wageni. Alipokuwa anaumwa, mara mbili alitaja jina lako, na mara mbili akasema asiitwe mtu aliyemkataa. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo kitandani pake, kaka. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, karani, mzee wa kwaya, nimeshika kikombe chake cha maji. Nikanyamaza tena. Kibanja ninachokilima, nyumba ninayoandikia barua hii, vyote nilivipata kwa kunyamaza.

Nilijiambia nilikuwa mtoto. Nilijiambia miaka imepita, umeoa, una migomba mizuri, una amani, kwa nini nikuchafulie. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo mtupu, mimi nimeitembea miaka thelathini na minane. Na hakuna aliyenishika. Ulichonifanyia kibaya ni kunitumia mkungu wa ndizi na kusema uko tayari kuja kuapa. Ungenikatalia ningekasirika, ningekulaumu, tungeendelea kama zamani. Lakini wewe, uliyechukuliwa jina, shule, kibanja na baba, unaniuliza nikutajie siku ya basi!

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usije kuapa. Jana Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini nikaomba ile karatasi ya kustaafu, nikatia sahihi. Bwana Mkubwa aliniuliza mara mbili kama nina hakika, Rugaibula akanishika mkono machozi yakimlenga, na mimi nikamwonyesha palepale droo ambayo huwa inakwama. Nilitaka kutia sahihi kwanza ndipo nikuandikie, ili usije ukadhani nakuungamia kwa sababu nakuhitaji kwa hakimu. Sikuhitaji tena kwa jambo lolote. Miaka minne hiyo ni midogo mno kuwa malipo, najua, na silipi kitu. Naona tu haya kuendelea kuvaa jina lako mbele ya mwenye nalo. Kumwambia Kokuhirwa bado. Nitamwambia leo tukimaliza chai, na nadhani safari hii hataniita mwanangu.

Kuhusu kibanja, wazee wa ukoo watakuja hapa Jumapili ijayo, nimewaita mwenyewe. Nitayasema haya mbele yao, mzee Rugambwa akiwa wa kwanza kuyasikia, kama yalivyo humu. Uje au usije, nitayasema. Ukija, mlango ni wako, na siombi uniangalie usoni. Ukikaa kimya miaka thelathini na minane, nayo nitaielewa.

Nisalimie Kokubanza, mwambie kahawa yake nimeitafuna kila asubuhi na ndiyo iliyonipa nguvu ya kuandika. Wasalimie wajukuu, na mkubwa wao umwambie asome kwa bidii. Kokuhirwa anawasalimu nyote, bado hajajua anasalimu kutoka nyumba ya nani. Muharami naye huwa anakuulizia, ingawa hamjaonana ila mara moja.

Salamu moja imebaki, nayo si yangu. Niliirudia mara tatu mbele yake, sijasahau hata neno. Tata anasema: Mwambie Mujuni aache jembe la bibi yake, aje nyumbani kabla mwezi haujaisha. Mwambie nafasi ni moja, nami nimempa yeye, kwa kuwa yeye ndiye macho yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Buberwa.